Wayo Usiosikia Maumivu

Mtu atembeaye na kijiwe ndani ya kiatu hafiki mbali. Katika hatua ya pili amekwisha anza kuchechemea. Katika ya nne amesimama na kukung'uta kiatu. Lakini wapo watu wawezao kutembea na kijiwe hicho kutwa nzima, na jioni wavuapo soksi ndipo waonapo damu. Wengi wao ni wagonjwa wa kisukari wa miaka mingi, ambao sukari iliyozidi katika damu imeharibu neva za miguu yao. Je, kani za kawaida za kutembea zawezaje kutoboa wayo? Swali hili ni la fizikia kama lilivyo la tiba.

Tuanze na hesabu. Mtu mwenye masi ya kilo 60 huvutwa na dunia kwa kani ya nyutoni 600 hivi. Atembeapo, kani ya sakafu juu ya mguu mmoja hupanda na kushuka. Ina vilele viwili katika kila hatua: kimoja mara baada ya kisigino kukanyaga, na kingine wakati sehemu ya mbele ya wayo inapousukuma mwili. Katika vilele hivyo kani huzidi uzito wa mwili kidogo. Tuseme ni nyutoni 720. Kama ingeenea sawasawa juu ya wayo wenye sentimeta za mraba 120, kanieneo ingekuwa nyutoni 6 kwa kila sentimeta ya mraba. Lakini wayo si tofali. Kisigino kikisha inuka, tuseme nyutoni 200 zapita chini ya kichwa cha mfupa mmoja tu, nyuma ya dole gumba, penye sentimeta za mraba 4. Hapo kanieneo ni nyutoni 50, yaani zaidi ya mara nane. (Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa urahisi: mwanafunzi alowe nyayo, akanyage karatasi ya miraba, kwanza kwa wayo mzima kisha kwa ncha, na darasa lihesabu miraba iliyolowa.)

Kisukari hakiharibu neva za hisi peke yake. Neva ziendeshazo misuli midogo ya wayo nazo hudhoofika. Vidole hujikunja kama makucha, na mto wa mafuta ulio chini ya vichwa vya mifupa huvutwa mbele, ukaiacha mifupa juu ya ngozi nyembamba. Neva za jasho zikifa, ngozi hukauka na kupasuka. Mahali panapobanwa sana huota sugu, ambayo mwenyewe huidhania kuwa ni kinga. Kumbe sugu ni kijiwe kingine! Ikiondolewa na mtaalamu, kanieneo ya mahali hapo hupungua kwa karibu robo.

Hata hivyo, mgonjwa akipitishwa juu ya bamba la kupimia kani, mara nyingi hatuoni kani kubwa kuliko ya mtu mwenye afya. Wengi hutembea polepole na kwa hatua fupi, na vilele vyao huwa vya chini. Kilichozidi ni kanieneo chini ya sehemu ya mbele ya wayo. Na hiyo nayo haitoshi kueleza kidonda, kwani mkimbiaji hukanyaga kwa kani mara mbili au tatu ya uzito wake, na nyayo zake hazitoboki.

Jibu lilipatikana kwa wagonjwa wa ukoma, maradhi ambayo nayo huua neva. Mwaka 1946 daktari mpasuaji Paul Brand alianza kazi katika mji wa Vellore, India. Wakati huo wengi waliamini kwamba nyama ya mgonjwa wa ukoma huoza yenyewe. Brand aliona kwamba nyama hiyo hupona kama ya mtu yeyote, mradi isiumizwe tena. Kilichokosekana ni maumivu. Mwaka 1966 alihamia Carville, Louisiana, nchini Marekani. Huko yeye na wenzake walizibana nyayo za panya kwa mashine, kwa kani ya wastani isiyodhuru ikitumika mara moja, lakini wakairudia maelfu ya mara kila siku. Kwanza palikuja joto na uvimbe. Kazi ilipoendelea, nyama ilikufa na kidonda kikafunguka. Panya waliopunguziwa marudio na kupewa siku za kupumzika hawakupata kidonda, bali nyayo zao zilinenepa.

Mtu mwenye hisi hujipa mapumziko hayo bila kujua. Mwendo ukiwa mrefu, huanza kuegemea ukingo wa wayo, hufupisha hatua, hubadili mguu wa kutangulia, hukaa kitako. Mgonjwa aliyepoteza hisi huikanyaga hatua ya 4,000 pale pale alipoikanyaga ya kwanza. Ndiyo sababu kidonda chake hutibiwa kwa plasta iliyofinyangwa kuufuata wayo na muundi, ili kani ienee juu ya eneo kubwa. Dawa peke yake, huku akiendelea kukanyaga, hufanya kazi ya kuteka maji kwa pakacha.

Lile joto la panya nalo limepata matumizi. Mgonjwa aweza kupima kila siku joto la sehemu zile zile za nyayo zote mbili. Mahali pamoja pakizidi penzake kwa zaidi ya nyuzi 2.2 za Selsiasi, siku baada ya siku, hupunguza kutembea na kwenda kumwona mhudumu wa afya, ingawa ngozi bado ni nzima na mguu haumwambii neno.