Fahamu: Ian Smith na kura tatu za Tabora
Ian Smith, aliyekuwa waziri mkuu wa Rhodesia (leo Zimbabwe), alifariki Cape Town tarehe 20 Novemba 2007, akiwa na miaka 88. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, lakini huyu aliitangazia Rhodesia uhuru chini ya utawala wa Wazungu wachache mwaka 1965, na hakuwahi kuomba radhi. Tanzania ilimjibu angali hai: Desemba mwaka huohuo ilivunja uhusiano na Uingereza iliyoshindwa kumzuia, ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5. Si pesa ndogo.

Ubaguzi wa rangi katika kura, kama ule wa Rhodesia, nasi tuliujua Tanganyika chini ya Waingereza. Januari 1958, mjini Tabora, chama cha TANU kilibishana vikali kama kishiriki uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kiongozi wake, Nyerere, akawashawishi wanachama wakubali. Zuberi Mtemvu, aliyepinga, akajitoa chamani. Wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda.