Herufi tano zinazoifichua pampu ya kimelea cha malaria

Protini ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Shanga hizo ni asidi amino za aina 20, na kila aina ina herufi yake.

Wataalamu wakipata protini wasiyojua kazi yake, huziweka herufi zake kwenye kompyuta, sambamba na za protini zinazojulikana. Nyingi hutofautiana. Zile zinazofanana kwa viumbe walio mbalimbali kabisa huwa ndizo zenye kazi nzito.

Kimelea cha malaria kina protini iitwayo PfATP4. Ndani yake zimo herufi DKTGT, ambazo zimo pia kwenye pampu ya sodiamu ya binadamu. Hapo ndipo pampu hushikia fosfeti itokayo kwenye ATP, nishati ya seli. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa PfATP4 hutoa sodiamu nje ya kimelea. Pampu ikizibwa, sodiamu hujaa ndani na kimelea hufa.

Lakini dawa ikilenga herufi hizo tano, inaweza kutudhuru na sisi. Ndiyo maana ulinganisho huo una faida ya pili: huonyesha pia mahali ambapo pampu ya kimelea inatofautiana na yetu. Hapo ndipo pa kulenga.