Nambari 550 na Jirani Usiyemjua

Nambari 550 ndiyo inayonilisha. Hapa Arusha ofisi ndogo za safari ziko kila kona, nyingine ni chumba kimoja na meza mbili juu ya duka la vipuri, na zote zinaishi kwa imeili. Wakala yuko Munich au Lyon, anaomba bei ya siku sita Tarangire, Ngorongoro na Serengeti kwa watu wanne. Akikuomba wewe, jua ameshawaomba na wenzako watatu. Anayejibu mapema ndiye mwenye nafasi. Sasa jibu lako likirudi na mistari ya Kiingereza iliyoanza na 550, unampigia fundi simu. Fundi ni mimi.

Mistari ile wengi hawaisomi, na siwalaumu, maana imeandikwa na mashine kwa ajili ya mafundi. Lakini tarakimu tatu za mwanzo zinasema karibu kila kitu. Zimetoka kwenye kanuni za kupelekeana barua pepe alizoandika Jon Postel huko California mwaka 1982, na mpaka leo ndizo zinazotumika, zikiwa zimefanyiwa marekebisho hapa na pale. Seva mbili zikizungumza, ile inayopokea hujibu kwa namba kila hatua. Namba ikianza na 2, endelea. Ikianza na 4, jaribu tena baadaye. Ikianza na 5, usijisumbue. Kwa hiyo 550 maana yake seva ya Munich imeikataa barua bila kuichukua, na mara nyingi hata haijasoma neno moja lililomo ndani.

Mama mmoja ambaye namhudumia kwa muda mrefu aliniita mwezi wa tano, wakati ambapo mawakala wanakamilisha oda za Julai na Agosti. Invoisi za Ujerumani zilikuwa zinarudi. Za Nairobi zinafika, za wateja wenye Gmail zinafika, za Ujerumani hapana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Hebu niambie, mimi nimemtapeli nani?"

Alikuwa amemwomba mpwa wake amtafsirie ule ujumbe, akaambiwa kwamba yumo kwenye orodha ya watuma spamu. Kampuni yake inatuma barua chache kwa siku, karibu zote ni za bei, invoisi na ratiba. Hajawahi kununua orodha ya anwani za watu, hata zile wanazouziwa wenzake kwa bei ya chakula cha mchana. Na tatizo halikuwa la siku hiyo. Nilipofungua kompyuta ya mapokezi nilikuta folda ya taka imejaa barua zilizorudi za wiki nzima. Binti wa mapokezi alikuwa akizifuta kila asubuhi kwa bidii, akidhani hizo ndizo spamu zenyewe.

Kilichokuwa kwenye orodha hakikuwa jina la kampuni. Ilikuwa anwani ya IP, ile namba ya seva inayomtumia barua zake, na seva yenyewe si yake. Amekodi nafasi kwa mtu anayeuza hosti, analipa kwa mwaka, na kwenye mashine hiyo hiyo moja kuna tovuti nyingine mamia: saluni, shule binafsi, kwaya, duka la vigae. Barua za wote hao zinatoka na namba moja. Waliosoma enzi za barua za stempu watakumbuka S.L.P. ya shule au ya kanisa, mtaa mzima unapokelea barua hapo. Hapa ni vivyo hivyo, ila ni kwa barua zinazotoka, na anayeangalia kule mbali anaona namba ya sanduku tu, haoni nani ameandika.

Mmoja kati ya hao majirani alikuwa na tovuti ya WordPress aliyoitengeneza akaisahau. Plagini zilikuwa za zamani, mtu akapenya, akapachika programu ya kutuma matangazo ya dawa feki. Usiku mmoja unatosha. Mwenye tovuti hajui mpaka leo, nadhani.

Watu huniuliza kwa nini hao wenye orodha wasimfungie aliyetuma, wakaacha wengine. Jibu limo kwenye kazi ile ile ya Postel. Mwaka 1982 mtandao ulikuwa wa watafiti waliofahamiana, kwa hiyo kanuni zinakuruhusu uandike jina lolote kwenye nafasi ya mtumaji, hata la mkuu wa nchi, na hakuna anayekuuliza. Jina kwenye barua ni maneno tu. Namba ya IP ni jambo lingine. Ili barua ipite, seva mbili lazima zijibizane, na majibu yanarudi kwenye namba halisi ya anayetuma. Akidanganya namba, majibu yatakwenda kwingine na mazungumzo yatakatika. Basi kitu pekee ambacho mpokeaji angeweza kukiamini tangu mwanzo ni ile namba, na spamu ilipozidi, watu wakaishika hiyo hiyo.

Wa kwanza kufanya hivyo kwa utaratibu alikuwa Paul Vixie, Mmarekani, mwaka 1997. Mwaka uliofuata Steve Linford akaanzisha Spamhaus mjini London, na orodha zake ndizo ninazokutana nazo mara nyingi zaidi. Namna zinavyofanya kazi ni ya werevu. Tuseme seva ina namba 203.0.113.25, ambayo ni ya mfano tu. Mpokeaji anaigeuza nyuma kwa mbele, anaunganisha jina la orodha mwishoni, kisha anauliza kama vile anatafuta tovuti: je, kuna kitu kinachoitwa 25.113.0.203.zen.spamhaus.org? Kama hakipo, namba ni safi. Kama kipo, jibu linarudi kama anwani inayoanza na 127.0.0, na namba ya mwisho inasema sababu. Ikiwa 2, namba imefungiwa kwa kutuma spamu. Ikiwa 4, nyuma yake kuna mashine iliyoambukizwa. Ikiwa 10 au 11, hiyo ni laini ya nyumbani au ya simu ambayo haikupaswa kupeleka barua moja kwa moja kwa mtu yeyote. Yote haya yanaisha kabla hujapepesa jicho, na yanafanyika kwa kila barua inayogonga hodi.

Aina hiyo ya mwisho inawakamata wengi hapa kwetu bila wao kuelewa. Mtu ananunua programu ya uhasibu inayotuma risiti yenyewe, anaiunganisha na modemu ya bando, na risiti zote zinakataliwa. Hakuna aliyemshitaki kwa spamu. Kampuni za mtandao zenyewe ndizo mara nyingi hutangaza kwamba namba hizi ni za wateja wa kawaida, na kwamba barua ya kweli ipite kwenye seva ya barua kwa paswedi, kupitia mlango namba 587. Ukiirekebisha programu ikapita huko, kwa kawaida tatizo limekwisha. Kazi ya dakika tano, ingawa nalipwa ya saa nzima.

Aina ya pili, ile ya mashine iliyoambukizwa, ndiyo yenye uonevu zaidi kwa mtu wa simu. Anwani za IP za mtindo wa zamani ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na akiba kuu iligawiwa yote Februari 2011. AFRINIC, shirika lililoko Mauritius linaloigawia Afrika, limekuwa likitoa kwa kubana tangu 2017, na kuanzia Januari 2020 ombi moja halipati zaidi ya anwani 1,024. Mtandao wa simu wenye wateja mamilioni utafanyaje? Unawafungia wateja wengi nyuma ya namba moja ya nje, na ndani unawapa namba zilizotengwa kwa kazi hiyo tangu 2012. Kwa hiyo kompyuta ya kijana mmoja aliyepakua filamu yenye kirusi inaweza kuipeleka kwenye orodha namba inayotumiwa na ofisi yako, kituo cha afya na mtu anayetazama mpira kwenye simu. Kinga ni ile ile, barua ipite kwenye seva ya barua, ingawa kuna wachujaji wanaosoma mpaka safari nzima ya barua iliyoandikwa juu yake, na hao watakusumbua hata ukifuata kanuni.

Wateja wangu wakishaelewa hapo huanza kuzichukia orodha. Mimi sizichukii. Bila hizo, sehemu kubwa ya takataka inayozuiwa mlangoni ingekuwa ndani, na imeili ingekuwa imeshakufa. Tena wenye orodha hawazuii barua ya mtu. Wanatoa maoni, na mpokeaji ndiye anayeamua kuyafuata. Hata mahakamani suala hili limefika. Kampuni ya e360 Insight ya Illinois iliishitaki Spamhaus kwa kuiita watuma spamu, na mwaka 2006 hakimu akaipa zaidi ya dola milioni 11.7, kwa sababu Spamhaus walikataa kujitetea, wakisema wao wako Uingereza na mahakama ile haiwahusu. Rufaa zikaendelea. Mwaka 2010 fidia ikashuka mpaka dola 27,002, na mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikaifikisha dola tatu. Ndiyo, tatu.

Ila orodha hazilingani. Kuna orodha ya UCEPROTECT ambayo kwenye ngazi yake ya juu inaweza kuorodhesha mtandao mzima wa kampuni, wateja wote, kisha inatoza pesa kwa anayetaka kutolewa haraka. SORBS, iliyofungwa mwaka 2024, kuna wakati ilidai mchango wa dola 50 kwa shirika la hisani kabla ya kukufuta. Waraka wa mafundi wa mtandao wa mwaka 2012, RFC 6471, unasema kinagaubaga kwamba kumdai aliyeorodheshwa pesa kunakaribia unyang'anyi. Mimi mteja wangu simruhusu kulipa. Namba zikitulia bila spamu, orodha za aina hiyo hukutoa zenyewe, na wapokeaji wakubwa wengi hawazitumii kukataa barua.

Na kuna orodha zilizokufa. Agosti 2003 mwenye Osirusoft, akiwa amechoshwa na mashambulizi, alifunga kazi kwa kuiorodhesha dunia nzima, na kila aliyekuwa akimwuliza akaanza kukataa barua zote. ORDB ilisimama mwishoni mwa 2006, na Machi 2008, kwa kuwa watu walikuwa bado wanaiuliza, ikaanza kujibu "ndiyo" kwa kila namba. Mama yeyote wa Arusha siku ile angekuwa mtuma spamu, na hata Papa wa Roma.

Turudi kwa mama. Tamaa ya kwanza ya kila mtu ni kukimbilia fomu ya kuomba kutolewa. Fomu ni bure na mara nyingi inakubaliwa upesi, lakini spamu ikiwa bado inatoka, namba inarudi kwenye orodha siku hiyo hiyo, na safari ya pili wanakuwa wakali. Na mama hana mamlaka ya kuomba, kwa sababu namba si yake. Nilimpigia muuza hosti. Kwanza alisema mteja abadilishe paswedi. Nikamsomea saa na dakika ya kuorodheshwa, nikamwambia aangalie foleni ya barua kwenye seva yake. Akanyamaza, nikasikia kibodi, kisha akasema, "Aisee, kaka." Foleni ilikuwa na maelfu ya barua zinazosubiri kutoka, zote za tovuti moja.

Akaifunga, akaomba namba itolewe. Baada ya hapo barua zilianza kufika, ingawa wakala mmoja aliendelea kuzikuta kwenye folda ya taka kwa muda. Hili wateja hulisahau: kukataliwa ni bora kuliko kupokelewa na kufichwa, maana 550 angalau inarudi kukuambia.

Mama aliuliza kama anunue namba yake peke yake. Nilimkatalia. Namba za IP siku hizi ni mitumba, huja na sifa za aliyeitumia kabla yako, na hata ikiwa safi, barua chache kwa siku hazitoshi kuijengea jina kwa wapokeaji wakubwa. Nilimhamishia imeili kwa mtoa huduma anayelipwa kwa kila kisanduku, tovuti nikaiacha ilipokuwa. Namba huko pia ni za kushirikiana, wala sikumficha. Tofauti ni kwamba kuna watu wa zamu ambao kazi yao ni kufukuza wapangaji wachafu, usiku na mchana. Pia nikaweka SPF, DKIM na DMARC, yaani kumbukumbu zinazothibitisha kwamba barua inayodai kutoka kwenye domeni yake imetoka kwake kweli. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanazidai zote tatu kwa anayewatumia barua nyingi, ambazo kwa Gmail ni kuanzia 5,000 hivi kwa siku, na mdogo naye wanamtaka awe na angalau SPF au DKIM. Hazimfuti mtu kwenye orodha ya IP, lakini zinafanya domeni yake ijengewe sifa yake yenyewe badala ya kubebwa na namba.

Bei ilimkwaza. Kwa mwezi analipa kisanduku kimoja karibu anacholipa hosti nzima, na ana visanduku vinne. Tukavipunguza vikawa viwili, kimoja cha buking na kimoja cha hesabu, na binti wa mapokezi akapewa maagizo mapya: ujumbe wowote wenye 550 asiufute, anitumie picha yake WhatsApp.