Risasi ya Kumwinda Mnyama Mharibifu

Mkulima wa Busisi, kando ya Ghuba ya Mwanza, huibiwa mahindi na tumbili mchana, na usiku kiboko huweza kutoka ziwani akala na kukanyaga kilichobaki. Tumbili hafikii kilo 10. Kiboko hupita kilo 1,000. Askari wa wanyamapori aitwapo, hana budi kuamua kwanza atumie risasi gani. Wengi hudhani kwamba jibu limo katika upana wa mtutu. Fizikia yaonyesha vingine.

Chukua risasi mbili zenye vichwa vya kipenyo karibu sawa, milimita 5.7 hivi. Kichwa cha .22 Long Rifle kina gramu 2.6 na hutoka mtutuni kwa mita 330 kwa sekunde. Kile cha .223 Remington kina gramu 3.6, lakini mwendo wake ni mita 990. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendo kasi; basi ya kwanza ina jouli 140 hivi, na ya pili zaidi ya 1,700. Tungamo halikufika hata mara moja na nusu, ilhali nishati imezidi mara kumi na mbili.

Busisi, hata hivyo, ni nchi ya majabali. Kichwa cha .22, laini na cha polepole, hudunda kwenye jiwe na huweza kuruka zaidi ya kilomita moja. Kile chepesi chenye kasi na ngozi nyembamba ya shaba aghalabu huvunjika vipande, ambavyo havifiki mbali, ingawa vyaweza kumjeruhi aliye karibu. Kwa tumbili, bunduki ya marisau mara nyingi yafaa kuliko zote mbili: chembe zake ndogo hupoteza kasi upesi hewani.

Kiboko ana fuvu nene. Kwake hutumika .458, yenye kichwa kigumu cha gramu 32 na jouli zaidi ya 6,000. Lakini hapa ndipo penye hatari kubwa. Tufe la madini ya risasi likigusa maji kwa pembe isiyozidi nyuzi 5 hivi, huruka tena kama kijiwe kitupwacho na mtoto. Vichwa vyenye ncha navyo hudunda kwa pembe ndogo. Mpigaji akisimama ufukoni, jicho lake likiwa mita 1.5 juu ya maji, na kiboko yuko mita 50, pembe ni nyuzi 1.7 tu. Risasi ikimkosa itaendelea kuelekea mitumbwi ya wavuvi, na hata daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025.

Kwa hiyo askari mzoefu hampigi kiboko akiwa majini. Humngoja nchi kavu, penye njia yake ya kwendea shambani, akichagua mahali ambapo nyuma ya mnyama pana kilima cha udongo mtupu, pasipo mwamba wala nyumba.