Vita Juu ya Meza: Habari za Boma la Kasanga

Leo twataka kueleza jinsi mwalimu wa historia awezavyo kuweka vita juu ya meza, mbele ya wanafunzi wake, kwa sanamu ndogo za udongo na punje za nafaka. Jambo hili si geni ulimwenguni. Mwaka 1824 afisa wa Prussia aitwaye von Reisswitz alitoa mchezo wa namna hii ukawa mafunzo ya maafisa wa jeshi lao, na mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kupiga vita sakafuni kwa askari wa bati. Sisi tuliozoea kete za bao hatuhitaji maelezo marefu.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta vita vya kufundishia. Ufipa inavyo vyake.

Mezani na utandazwe mchanga. Upande wa mashariki uinuliwe sana: huo ndio uwanda wa juu, ambapo mji wa Sumbawanga umekaa kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari. Upande wa magharibi kitambaa cha buluu kiwe Ziwa Tanganyika, lililo chini ya mji huo kwa mita 1,000 hivi. Ukingoni mwa ziwa lijengwe boma la Kasanga, ambalo Wajerumani waliliita Bismarckburg. Askari wawe maharage, na vyombo vya majini vifinyangwe kwa udongo.

Basi mwezi Juni mwaka 1916 askari wa Luteni-Kanali Murray, waliotoka Rhodesia ya Kaskazini, walilikaribia boma hilo kwa nchi kavu. Tarehe 5 zilifika kwa ziwani manowari ndogo za Kiingereza chini ya Komanda Spicer-Simson. Yeye aliona mizinga bomani, akaghairi kushambulia, akaondoka. Njia ya maji ikabaki wazi. Wajerumani wakajipakia vyomboni usiku wakatoroka, na tarehe 8 Murray akashika boma tupu. Baadaye ikasimuliwa ya kuwa mizinga ile ilikuwa ya mbao tu.

Hapo ndipo mchezo unapopita kitabu. Mwalimu ndiye mwamuzi. Habari ya mizinga aiandike katika karatasi, aikunje, aitie mfukoni. Mwanafunzi aliye mkuu wa manowari aambiwe yale tu yaliyoonekana kutoka majini: kuta juu ya mlima, na midomo ya mizinga. Naye aamue. Waalimu wengi huwaambia watoto mwisho wa vita kabla ya mwanzo wake, kisha huwauliza ni nani aliyekosea. Swali la namna hiyo halimfundishi mtu neno.

Lakini jambo tulilotaka hasa kulinena ni la wapagazi. Michezo mingi ya sanamu huweka askari, farasi na mizinga, ikamsahau mtu aliyebeba unga. Katika nchi hii kufanya hivyo ni kufundisha uongo. Tuseme mpagazi abeba kilo 25, naye hula kilo 1 kwa siku. Toka Sumbawanga hata Kasanga ni kilomita 112 kwa barabara ya leo. Kwa mwendo wa mizigo, tuseme siku 6. Kwenda na kurudi ni siku 12, na kilo 12 zimekwisha tumboni mwake. Kilo 13 zilizosalia zamlisha askari mmoja siku 13. Yaani kila askari aliyekaa bomani ataka mpagazi mmoja asiyepumzika njiani, kwa chakula peke yake, mbali na risasi na mahema. Njia ikiwa ndefu mara mbili, mpagazi hufikisha kilo 1 tu.

Kwa hiyo kila mpagazi awe punje ya mahindi, na mwanafunzi asisogeze haragwe lolote bila kuhesabu punje zake. Mvua ikinyesha au ugonjwa ukiingia, kama dadu itakavyosema, punje ziondolewe. Zisirudi mfukoni, ziwekwe katika sahani mbele ya darasa zima. Wako wasemao kwamba si adabu kuchezea mauti ya watu, nasi twakubali ya kuwa watoto hucheka upesi. Walakini wapagazi waliokufa katika vita ile ya Afrika Mashariki, kwa upande wa Waingereza peke yake, huhesabiwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi. Idadi hiyo ikisomwa ubaoni hupita kama upepo. Sahani haipiti.

Mchezo ukiisha, mwalimu atoe ile karatasi mfukoni, aisome. Kisha kila mwanafunzi aandike katika daftari lake kama mkuu wa manowari alitenda vema au vibaya, kwa yale aliyoyajua siku ile, na aonyeshe ni punje ngapi zilizokuwamo katika sahani.