Godoro la Rafiki Lina Bei Yake

Septemba 2025 tulitoka Dar es Salaam watatu, kila mmoja na begi lake mgongoni, kwenda Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, kumsalimia swahiba wetu anayesoma shahada ya uzamili huko. Katika daftari letu la gharama, mstari mmoja ulikuwa na sifuri tangu siku ya kwanza ya kupanga: malazi. "Mtalala kwangu, wala msihangaike," alikuwa ametuambia, nasi tukashukuru tukageuza ukurasa. Usiku wa tatu niliamka kunywa maji nikamkuta jikoni ya pamoja ya bweni, saa nane usiku, anaandika ripoti yake kwenye meza ya kulia chakula. Chumbani kwake hapakuwa na pa kukanyaga. Tulikuwa tumelala hapo sisi. Nikaelewa kwamba ile sifuri ilikuwa na mlipaji.

Ndiyo maana katika mahesabu haya naweka gharama za pande zote mbili, za mgeni na za mwenyeji. Wengi wetu huhesabu za mgeni tu.

Tuanze na viza, kwa sababu hapo ndipo rafiki huanza kubebeshwa mzigo. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ni hiyohiyo nchi zote, kwa hiyo hakuna ubalozi wa bei nafuu wa kukimbilia. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Ukinyimwa, ada hairudi. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usingoje hizo 15.

Mwenyeji anaweza kukusaidia kwa njia mbili. Ya kwanza ni barua ya kawaida ya mwaliko, ambayo haimgharimu kitu. Ya pili ni dhamana rasmi anayoisaini katika ofisi ya uhamiaji ya mji wake kwa ada ya euro 29, akionyesha kipato chake. Ushauri wangu: usimwombe mwanafunzi hiyo ya pili. Akiisaini, gharama zako zote ukiwa huko, hata za hospitali, zinaweza kudaiwa kwake. Na kipato chenyewe ni kipi? Mwanafunzi wa kigeni anayejitegemea huingia Ujerumani kwa kuweka euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, na benki humwachia 992 kwa mwezi. Humo mna kodi ya chumba, bima ya afya, chakula na simu. Beba taarifa za benki yako mwenyewe, omba barua ya mwaliko, basi.

Sasa malazi. Leipzig, kitanda katika chumba cha hosteli cha watu sita au wanane mara nyingi ni kati ya euro 20 na 35 kwa usiku, na mwishoni mwa wiki hupanda. Kwa watatu, tuseme 105 ukikosa bahati. Kwa rafiki, ni bure. Lakini mtazame rafiki mwenyewe. Sheria inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, na wengi huzitumia likizoni, Agosti na Septemba, yaani miezi ileile tunayopenda kwenda kwa sababu hakuna baridi. Kima cha chini cha mshahara Ujerumani tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Zamu moja ya saa nane ni euro 111 na senti 20 kabla ya makato. Swahiba wetu aliacha zamu mbili za ghalani ili atutembeze mjini. Hakutuambia, tulikuja kujua baadaye. Kwa kima cha sasa, kila zamu iliyopotea ingezidi bei ya vitanda vyetu vyote vitatu kwa usiku mmoja.

Kuna na mkataba wa chumba. Mabweni mengi huruhusu mgeni kwa siku chache tu, na watatu kwa mpigo ni jambo jingine kabisa. Saa nne usiku kimya kinaanza, na majirani wa Kijerumani hawachelewi kukikumbusha. Lawama ikija, inaandikwa kwa jina la mwenye chumba.

Ningepanga tena leo, tungelala kwake usiku mmoja tu, ule wa kufika, kwa sababu kuna mazungumzo ambayo hayawezekani sebuleni mwa hosteli. Kuanzia kesho yake tungehamia hosteli, mabegi makubwa tukiyaacha kwake, maana begi halikoromi wala halizuii mtu kusoma. Jioni tungemkuta akitoka kazini.

Usafiri ndio ulionifurahisha zaidi, na hapo chaguo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tiketi inayoitwa Deutschlandticket inakupandisha treni zote za mikoa, tramu, mabasi na treni za chini ya ardhi nchi nzima kwa mwezi. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda hadi 58 Januari 2025, na tangu Januari 2026 ni 63. Haikupandishi treni za kasi za ICE. Leipzig hadi Berlin kwa ICE ni kama saa moja na robo. Kwa treni za mikoa, ukibadili Wittenberg au Dessau, andaa karibu saa tatu. Kwa mwenye begi mgongoni na haraka hana, saa hizo si hasara. Dresden ni saa moja na nusu na ushee.

Tiketi hii ina mitego miwili. Kwanza, kwa kawaida huhesabiwa kwa mwezi wa kalenda: ukifika tarehe 20 na kuondoka tarehe 10 ya mwezi unaofuata, umelipa miezi miwili. Pili, inajiendeleza yenyewe, na lazima uisitishe kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaotaka uwe wa mwisho. Mwenzetu mmoja alipitiwa, akakatwa mwezi wa pili akiwa ameshafika nyumbani. Usimwombe rafiki akuazime ya kwake pia. Wanafunzi wa vyuo vingi huipata kwa punguzo kupitia ada ya muhula, lakini ina jina la mtu, na mkaguzi huomba kitambulisho.

Kama mnakaa siku nne au tano tu, achaneni nayo. Nunueni tiketi ya siku ya kundi ya jimbo: wa kwanza analipa bei kamili, wanaoongezeka hadi kufika watano wanalipa nyongeza ndogo. Ya Saxony, jimbo lenye Leipzig, hufika pia Thuringia na Saxony-Anhalt, na siku za kazi huanza saa tatu asubuhi. Tiketi ya Eurail, ile ya kuzunguka nchi nyingi, inamfaa anayebadili nchi kila baada ya siku mbili. Aliyekwenda kumwona mtu mmoja atakuwa amelipia treni asizozipanda.

Prague tulikwenda kwa basi kutoka Dresden, saa mbili hivi. Viza ileile inafaa, kwa kuwa Schengen sasa ina nchi 29. Uingereza na Ireland hazimo. Mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka kwenda London, hana ruhusa ya kurudi.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Kantini ya chuo ina bei ya mwanafunzi na bei ya mgeni, na hata hiyo ya mgeni ni nafuu kuliko mkahawa. Maji ya bomba ni salama. Jumapili maduka mengi yamefungwa, kwa hiyo nunueni Jumamosi na mpike ninyi, si mwenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mpelekeeni dagaa wakavu na nazi, ambavyo forodha ya Ulaya huruhusu mkononi mwa abiria. Nyama, maziwa na jibini haviruhusiwi, na maembe yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Swahiba wetu alipoiona nazi alikaa kitandani akaishika muda mrefu bila kusema neno.

Kwa hiyo kabla hujalipia ndege, mpigie rafiki yako umuulize mambo mawili: siku zipi yuko kazini au ana mtihani, na mkataba wa chumba chake unaruhusu wageni wangapi kwa siku ngapi. Usikubali jibu la "hakuna shida". Muulize tena, kisha weka fedha ya hosteli kando hata akikukatalia.