Kiswahili na Ufundishaji wa Mwendo wa Mwili

Biomekanika ni taaluma inayouchunguza mwili kwa kanuni za fizikia. Nchini Tanzania mwalimu wa michezo husomeshwa chuo kikuu kwa Kiingereza, ilhali katika shule za msingi za serikali wanafunzi hufundishwa kwa Kiswahili. Swali la msingi, basi, ni je, maarifa hayo yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kupoteza usahihi?

Uchukuliwe mfano wa mtu aliyekunja kiwiko kwa pembe mraba, akashika jiwe la kilo 2 kiganjani. Uzito wa jiwe ni takribani nyutoni 20. Ikiwa jiwe liko sentimita 35 kutoka kwenye kiwiko, na kano ya msuli imejishikiza sentimita 5 tu kutoka hapo, msuli hulazimika kuvuta kwa nyutoni 140, hata uzito wa kigasha usipohesabiwa. Huo ni wenzo wa daraja la tatu: kiwiko ni egemeo, jiwe ni mzigo, na jitihada iko kati yake. Hasara ya nguvu hufidiwa na wepesi, kwani msuli ukifupika kidogo, kiganja hupita masafa marefu.

Istilahi wenzo, egemeo, mzigo na jitihada zimezoeleka katika masomo ya sayansi ya shule za msingi. Kwa hiyo tatizo si ufukara wa msamiati. Tatizo ni maneno ya kila siku yenye maana pana kuliko zinavyoruhusu sayansi. Neno kiungo hutaja mahali mifupa inapokutana, na pia mkono au mguu mzima. Mguu huanzia nyongani hadi vidoleni, wakati mwanabiomekanika hana budi kutenga paja, muundi na wayo. Nguvu nayo hujumuisha dhana ambazo fizikia huzitenganisha, yaani kani na nishati.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilikwisha kuweka msingi. Hata hivyo, istilahi haikui kamusini bali darasani. Mhadhiri anayempa mwanafunzi wake istilahi za lugha zote mbili humwandaa mwalimu atakayeeleweka, na anayeacha jukumu hilo humwachia mwalimu huyo kazi ya kutafsiri peke yake, mbele ya watoto.